Mpango wa Kaunti: Nenda Barazani na Karatasi Yako

Siku moja utaona tangazo limebandikwa ukutani. Pengine ni kwenye ofisi ya chifu, pengine ni sokoni. Tangazo linasema kaunti inataka maoni ya wananchi juu ya mpango wa maendeleo. Limetaja siku, saa na mahali. Usilipite. Simama ulisome mpaka mwisho.

Mpango huo ni nini? Kenya ina kaunti 47. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti iandike mipango yake. Uko mpango wa miaka 5. Huu husema zahanati itajengwa wapi, barabara ipi itatengenezwa, maji yatafika kijiji gani. Mpango wa kwanza ulikuwa wa 2013 hadi 2017. Wa pili ulikuwa wa 2018 hadi 2022. Wa tatu ni wa 2023 hadi 2027.

Uko pia mpango wa ardhi wa miaka 10. Huu una ramani. Huonyesha mji utakua kuelekea upande gani, na wapi patabaki mashamba, malisho au msitu. Kila baada ya miaka 5 hutazamwa upya. Hapo ndipo wewe unapoitwa.

Je, una kazi gani huko? Fikiria njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Wewe unaijua. Babu yako aliijua. Lakini mchora ramani yuko mbali, haijui. Yeye anaona nafasi tupu. Anaandika hapo "viwanja". Mpango unapitishwa. Miaka miwili baadaye mnaona vigingi vimepigwa katikati ya njia, na ng'ombe wana kiu. Mkianza kulalamika wakati huo, mtahangaika sana. Siku ya baraza ingetosha mtu mmoja kusimama na kusema: "Hapa ng'ombe wetu hupita, kutoka mbuyu ule mpaka mtoni."

Tena jua vizuri ni jambo gani la kuomba. Watu wengi huenda barazani wakaomba madarasa ya shule ya sekondari, au kituo cha polisi. Wanaongea kwa uchungu, watu wanapiga makofi. Lakini Katiba ya mwaka 2010 haikuipa kaunti kazi hizo. Shule za msingi na sekondari ni za serikali ya taifa. Polisi pia. Barabara kuu pia. Kaunti ina zahanati na vituo vya afya, barabara za mashambani, masoko, maji, ukulima na mifugo, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Omba katika hayo. Maombi mengine yapeleke kwa wenye kazi hiyo.

Na unapoomba, taja mahali. Ukisema "tunataka maji", umesema kama kila mtu. Karani ataandika "maji", basi. Lakini ukisema, "Kisima chetu kilicho karibu na soko hukauka kila mwaka mwezi wa Agosti, na wanawake huenda mwendo wa saa mbili," maneno hayo yanaweza kuingia kwenye kitabu.

Mikutano mingine huitishwa asubuhi, wakati akina mama wako shambani au wanachota maji. Basi huzungumza wanaume tu, tena wale wale. Hiyo si haki, kwa sababu mama ndiye ajuaye mwendo wa kisima. Kama hamwezi kufika wote, kaeni kijijini kabla ya siku hiyo. Andikeni mnayotaka. Mtumeni mtu na karatasi.

Karatasi ina nguvu. Sheria hiyo ya 2012 inampa mwananchi haki ya kupeleka ombi kwa serikali ya kaunti, juu ya jambo lolote lililo chini ya kaunti. Inasema ombi hilo liwe la maandishi. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika, kalamu yako sasa imepata kazi. Andika nakala mbili. Moja itoe, moja ibaki nayo. Ile yako igongwe muhuri na iandikwe tarehe.

Kaunti ya Makueni ilipanga mikutano yake ianzie chini kabisa, kijijini. Kutoka hapo watu waliwachagua wenzao wa kupeleka maoni kwenye kundi la vijiji, kisha mbele zaidi mpaka wadi, kaunti ndogo, na mwisho kaunti nzima. Kamati za wananchi ziliwekwa kuangalia miradi. Mkandarasi hakulipwa kabla kamati haijatia sahihi kwamba kazi imefanyika. Mpango wa namna hii unachosha, maana mikutano ni mingi. Lakini mtu wa kijijini alisikika.

Kaunti isipowashirikisha watu, je? Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Hiyo ilikuwa sheria ya kodi na ada.

Baraza likiisha, usiketi. Kila mwaka kaunti huandika mpango wa mwaka mmoja, na hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba kupita. Kama kisima chenu kimo kwenye mpango wa miaka 5 lakini hakimo kwenye ule wa mwaka, basi mwaka huo hakitachimbwa. Nenda kwa msimamizi wa wadi, uombe kuonyeshwa. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakupa haki hiyo. Vitabu vingi vya mipango vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo omba uelezwe kwa Kiswahili. Lakini jina la kijiji chako na tarakimu za pesa utazisoma mwenyewe.