Kozi fupi ya sanaa nje ya nchi: Kabla ya kulipa, jua unachonunua

Tangazo linaingia kwenye grupu la WhatsApp la darasa: wiki mbili London, kozi ya ubunifu wa mitindo, cheti kinatolewa, nafasi chache. Ndani ya saa moja wanafunzi wameshaanza kupiga hesabu. Jioni kuna mzazi anapigiwa simu na kuulizwa kama kile kiwanja kinaweza kuuzwa.

Kozi za aina hii zipo, na nyingine ni nzuri kweli. Shida ni kwamba wengi hulipia kitu kimoja wakidhani wananunua kingine.

Kozi fupi ni nini hasa?

Ni mafunzo ya siku chache hadi wiki kadhaa. Nyingi hufanyika kati ya Juni na Agosti, wakati wanafunzi wa kawaida wa Ulaya wako likizo na studio ziko wazi. Central Saint Martins ya London inazo, na Polimoda ya Florence, Italia, inazo pia.

Kuingia ni rahisi kuliko kuomba shahada. Kozi nyingi hazina mtihani. Nyingine huomba potifolio, yaani mkusanyo wa kazi za mwombaji. Lakini kupata nafasi kwenye kozi fupi si sawa na kupokelewa kuwa mwanafunzi wa chuo hicho. Aliyesoma wiki mbili hajawa mhitimu wa chuo.

Mfano mzuri uko Austria. Mwaka 1953, mchoraji Oskar Kokoschka alianzisha shule ya kiangazi ndani ya ngome ya Hohensalzburg, mjini Salzburg, akaiita "Shule ya Kuona". Ipo mpaka leo. Haitoi shahada. Watu kutoka nchi mbalimbali huenda kufanya kazi karibu na msanii mzoefu, kisha wanarudi kwao. Shule hiyo pia hutoa ufadhili kwa baadhi ya waombaji.

Cheti kina uzito gani?

Mara nyingi ni cheti cha kuhudhuria tu. Kinasema mtu alikuwepo, hakisemi alifaulu kwa kiwango gani.

Baadhi ya kozi hutoa alama za masomo za Ulaya, ECTS. Mwaka mzima wa chuo ni alama 60, na alama moja ni kazi ya saa 25 hadi 30. Kwa hiyo kozi yenye saa 60 za kazi ni kama alama 2 hivi. Hata hizo hazihamii zenyewe. Chuo cha nyumbani ndicho huamua kama kitazikubali, na ni vyema kikubali kwa maandishi kabla mwanafunzi hajaondoka.

Ada ni mwanzo tu

Tangazo hutaja ada kwa herufi kubwa. Nauli ya ndege, malazi, chakula, usafiri wa mjini na vifaa huwa vinaonekana baadaye. Kwenye sanaa, vifaa peke yake vinaweza kumaliza hela ya matumizi: vitambaa, rangi, karatasi, uchapishaji.

Na si kila kitu kinabebeka kutoka nyumbani. Tapentaini hairuhusiwi kwenye ndege kwa sababu inashika moto haraka. Visu vya kukatia karatasi lazima viende kwenye begi la chini, siyo la mkononi.

Viza: hapa ndipo wengi hukwama

Uingereza inamruhusu mgeni mwenye viza ya kawaida ya matembezi kusoma hadi miezi 6 kwenye taasisi iliyoidhinishwa. Haimruhusu kufanya kazi, hata mafunzo ya vitendo kwenye kampuni. Tangazo linaloahidi "kusoma na kufanya kazi" kwa wiki mbili linapaswa kumshtua msomaji.

Kwa Italia, Ufaransa au Austria ni viza ya Schengen, inayoruhusu kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90. Mwombaji anahitaji pia bima ya safari yenye kinga ya angalau yuro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla.

Ombi likikataliwa, ada ya viza hairudi. Ndiyo maana sharti la kurudishiwa ada ya kozi pale viza inapokataliwa lazima lisomwe kabla ya kulipa.

Alichofanya Odundo

Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950 na kwenda Uingereza kusoma mwaka 1971. Katikati ya miaka hiyo ya 1970 alisafiri hadi Nigeria, kwenye kituo cha mafunzo ya ufinyanzi cha Abuja, mji ambao leo unaitwa Suleja. Huko alijifunza kufinyanga vyungu kwa mkono, bila gurudumu. Mmoja wa wafinyanzi waliotajwa sana kituoni hapo ni Ladi Kwali, ambaye picha yake iko kwenye noti ya naira 20.

Baadaye Odundo alikwenda New Mexico, Marekani, kuona wafinyanzi wa San Ildefonso wanavyotengeneza vyungu vyeusi. Leo vyungu vyake mwenyewe, vyekundu na vyeusi, vilivyofinyangwa kwa mkono na kung'arishwa, viko kwenye makumbusho makubwa likiwemo British Museum.

Odundo alifuata ujuzi uliokuwa Abuja na San Ildefonso, ingawa hakuna hata mmoja kati ya miji hiyo uliokuwa na jina la Paris. Mwanafunzi wa leo anaweza kuanza hivyo hivyo: nataka kujua nini ambacho hapa nilipo hakuna wa kunionyesha? Kama jibu halipo, wiki mbili London zitakuwa matembezi ya gharama.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutuma hela

- Nani anafundisha, na kazi zake zinaonekana wapi?
- Studio iko wazi saa ngapi kwa siku, na darasa lina watu wangapi?
- Mwanafunzi atarudi na kazi gani iliyokamilika?
- Malipo yanaingia kwenye akaunti ya chuo au ya mtu binafsi?
- Viza ikikataliwa, kiasi gani kinarudi?

Kama kuna wakala katikati, kozi itafutwe kwenye tovuti ya chuo chenyewe, kisha chuo kiandikiwe barua pepe moja kwa moja. Kozi isiyojulikana na chuo kinachotajwa haipo.

Njia ya bei nafuu

Kabla ya kuuza kiwanja, kuna mlango wa kugonga: ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo cha nyumbani. Chuo chenye makubaliano na chuo cha Ulaya chini ya mpango wa Erasmus+ kinaweza kupeleka wanafunzi kwa muda, nao hawalipi ada ya masomo kule wanakokwenda na hupewa fedha za kujikimu. Nafasi ni za kushindania na lazima makubaliano hayo yawepo kwanza. Kwenda kuuliza hakugharimu chochote.