Miraa Inapenya, Dopamini Inagota

Miraa ikichumwa Igembe, Meru, asubuhi, hufungwa mashada, ikaviringishwa kwa majani ya mgomba na kupakiwa kwenye pikapu ambazo madereva wake wanajulikana njia nzima, kutoka Maua hadi Nairobi, kwa kutopenda breki. Haraka hiyo si tamaa ya pesa tu, ni kemia. Jani bichi lina kathinoni, na likianza kunyauka kathinoni hiyo hugeuka kathini, ambayo nguvu yake ni ndogo zaidi. Mlaji wa giza au kangeta, aina za miraa, hutambua kwa ulimi mzigo uliolala njiani. Wanasayansi walichelewa: maabara ya dawa za kulevya ya Umoja wa Mataifa iliitenga kathinoni mwaka 1975. Muguka wa Mbeere, upande wa Embu, ni mmea uleule, *Catha edulis*, ila huo hutafunwa majani machanga badala ya ganda la vijiti.

Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka Mombasa, ubishi ulikuwa wa kodi, vijana na mahakama. Hayo yana wasemaji wa kutosha. Mimi kinachonishangaza ni kwamba kathinoni, molekuli ya shambani, imefaulu mtihani unaoangusha dawa nyingi kabla hazijafika sokoni: kuingia ubongoni.

Mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo si kama ya mguuni au tumboni. Seli za kuta zake zimebanana hata maji ya damu hayapenyi katikati yake. Kinachotaka kupita hakina budi kupita ndani ya seli zenyewe, kupitia utando wa mafuta, na utandoni zimo pampu zinazorudisha kwenye damu vitu visivyotakiwa. Udogo husaidia, lakini hautoshi. Chukua dopamini: uzito wa molekuli yake ni 153, na wa kathinoni ni 149. Karibu sawa. Lakini ukimchoma mtu sindano ya dopamini mshipani, haifiki ubongoni, kwa kuwa imebeba vikundi viwili vya haidroksili na chaji ya umeme, vitu vinavyopenda maji na kuyakimbia mafuta. Kathinoni haina haidroksili hata moja. Ina oksijeni moja iliyoshikana na kaboni kwa kifungo maradufu, na hiyo huipunguzia chaji. Ikageuka kathini, oksijeni ileile inakuwa haidroksili na kupenya kunakuwa kugumu. Jani la mgomba linailinda atomu hiyo moja.

Kupenya, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Kathinoni ikishaingia hufanya ncha za neva zimwage dopamini, ndiyo handasi, yaani mchangamko, wanayoitafuta walaji. Lakini humwagisha noradrenalini pia, ubongoni na nje ya ubongo, moyo ukaenda mbio, presha ikapanda, usingizi ukapotea. Haichagui.

Kuchagua ndiko kulikowasumbua wakemia tangu mwaka 1952, pale wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazidi huko New York walipoanza kuchangamka kupita kiasi. Dawa ilikuwa ikikizuia kimeng'enya cha monoamini oksidesi, MAO kwa ufupi, kinachovunja dopamini, serotonini na noradrenalini. Ikageuzwa dawa ya huzuni. Kisha watu wakaanza kupandwa na presha ghafla, wengine wakafa, na mwaka 1963 daktari Barry Blackwell wa London akamtaja mshukiwa: jibini. Jibini iliyokaa ina tiramini nyingi, inayopandisha presha, na MAO ya utumbo, ambayo ingeivunja, ilikuwa imezuiwa pamoja na ile ya ubongoni.

Ikaja kujulikana kuwa MAO ni mbili. A ndiyo inayolinda utumbo; B ndiyo inayovunja sehemu kubwa ya dopamini katika ubongo wa binadamu. Joseph Knoll na wenzake wa Hungaria walikuwa na selejilini, molekuli iliyoundwa juu ya mifupa ileile ya amfetamini, jamaa wa karibu wa kathinoni, ikaongezwa mkia wa kaboni tatu. Mkia huo hujigandisha kwenye MAO-B moja kwa moja, hata seli ilazimike kutengeneza kimeng'enya kipya. Kwa kipimo kidogo huiacha MAO-A. Ukizidisha, uchaguzi unapotea. Leo hutibu ugonjwa wa Parkinson. Kasoro yake ni ya ukoo: mwilini huvunjika ikatoa methamfetamini. Rasajilini, iliyokuja baadaye, haifanyi hivyo.

Mwaka 2002 umbo la MAO-B ya binadamu lilionekana kwa mionzi ya eksirei. Ndani yake mna nafasi mbili, na katikati asidi amino moja, isoleusini ya 199, inayofungua na kufunga njia. MAO-A ina nafasi moja, fupi. Molekuli ndefu na nyembamba, kama dawa ya safinamidi, hujaza zote mbili za B na haikai vizuri kwenye A.

Miraa nayo huzuia vimeng'enya, bila ustadi huo. Maabara zimeona kathinoni ikiizuia MAO kwa udhaifu, na mwaka 2015 watafiti wa Ethiopia na Sweden walionyesha kuwa kutafuna miraa hupunguza kazi ya CYP2D6, kimeng'enya cha ini kinachoshughulikia kodeini na dawa kadhaa za akili na moyo. Hapo mjadala wa Meru na Embu ungefaa kuhamia kidogo, kutoka bei ya kilo hadi chumba cha daktari. Linezolidi, inayotumika kutibu kifua kikuu sugu, huzuia MAO zote mbili kwa kiasi, na onyo lake linataja pseudoefedrini ya dawa za mafua, ambayo ni ndugu wa damu wa kathini. Kwa hiyo ukiandikiwa dawa ya huzuni, ya Parkinson au ya kifua kikuu sugu, mwambie daktari kwamba unatafuna, hata asipouliza, na umtajie kiasi.