Land Rover ya babu: usukani ukilegea, usikimbilie bisibisi

Familia nyingi zina lile gari ambalo haliuzwi. Mara nyingi ni Land Rover 109 ya miaka ya 1970, ya babu, linalotolewa Desemba kupeleka watoto kijijini. Dereva amelizoea: anauzungusha usukani kidogo kulia, kidogo kushoto, na gari linaendelea tu mbele kana kwamba halijaguswa. “Ndivyo yalivyo haya,” watu husema.

Sivyo. Na siku ya kumkwepa ng'ombe ghafla, walio hatarini zaidi ni watoto waliokaa kwenye madawati ya nyuma, ubavuni, yasiyo na mikanda.

Fundi mwenye haraka hulegeza nati ya boksi la stelingi, akakaza skrubu yake, usukani ukawa mgumu, mwenye gari akafurahi. Ni sawa na kumeza dawa ya maumivu bila kupima ugonjwa. Kati ya boksi na magurudumu ya Series III kuna boljointi 6, pamoja na relei ya stelingi. Kila kimoja kikilika kidogo, usukani unalegea sana.

Kupima kunahitaji watu wawili, na kijana wa miaka 14 anafaa kabisa. Gari lisimame pahali tambarare, injini imezimwa, hendibreki imevutwa, magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Mmoja autikise usukani polepole. Mwingine achuchumae mbele, ashike boljointi moja baada ya nyingine. Ile ambayo upande mmoja unacheza huku wa pili umetulia imekwisha. Hiyo haikazwi, inabadilishwa.

Viungo vikishakuwa vizima ndipo boksi liguswe, magurudumu yakiwa yametazama mbele. Skrubu ikazwe hadi ulegevu uishe tu, basi. Kisha gari liinuliwe mbele, liwekwe juu ya stendi imara (si jeki peke yake), na usukani uzungushwe mwisho hadi mwisho. Ukibana popote, skrubu imezidi. Boksi hulika zaidi katikati kwa sababu safari nyingi ni za kwenda mbele, hivyo anayekaza kupita kiasi huona matatizo kwenye kona: usukani unakataa kurudi wenyewe.

Kama boljointi ya tairodi imebadilishwa, alaimenti ipimwe upya. Magurudumu ya mbele yaelekee ndani kwa milimita 1.2 hadi 2.4.

Safari ya kwanza ya majaribio, watoto wabaki nyumbani. Watanuna.