Tembo Chini ya Shingo ya Mfalme

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo hatuna sungura wala fisi. Tuna tembo mdogo kama punje ya mchele, aliyekaa chini ya shingo ya mfalme.

Mfalme huyo ni Charles wa Pili wa Uingereza. Mwaka 1663, ndani ya ngome ya Tower jijini London, mafundi wake walianza kutoa sarafu mpya ya dhahabu. Sarafu za zamani zilipigwa kwa nyundo, moja moja, na kingo zake hazikuwa sawasawa. Hapo ndipo wajanja walipopata ulaji! Walizipunguza kidogo kidogo kwa mkasi, wakayeyusha vile vipande, kisha wakaenda sokoni na sarafu iliyokonda kana kwamba ni nzima. Hii mpya ilitoka kwenye mashine. Farasi walizungusha mitambo iliyobana bamba za dhahabu, wanaume wakavuta mikono ya skrubu kubwa iliyokandamiza sura ya mfalme, na ukingo ukatiwa mistari. Ukiukata, unaumbuka.

Na tembo je? Alikuwa nembo ya kampuni ya biashara iliyoongozwa na James, mdogo wake mfalme. Meli zake zilileta dhahabu kutoka pwani ya Guinea, Afrika Magharibi, na sarafu zilizotokana na dhahabu hiyo zikatiwa tembo. Basi watu wakaiita sarafu hiyo gini. Baadaye tembo akachorwa amebeba ngome mgongoni. Nani amewahi kumwona tembo wa porini Afrika na mzigo huo? Lakini msicheke sana. Kampuni hiyohiyo ilinunua watu pia, ikawafunga minyororo na kuwavusha bahari hadi visiwa vya Karibi, wakafanyishwe kazi kwenye mashamba ya miwa. Hao hawakuchorwa popote kwenye sarafu.

Gini ilikusudiwa kuwa shilingi 20. Ila shilingi za fedha zilikuwa zimekatwakatwa mno, hata kufikia 1695 gini moja ikauzwa kwa shilingi 30. Mwaka 1717, Isaac Newton, huyohuyo wa somo la fizikia, akiwa mkuu wa kiwanda cha sarafu, serikali iliiwekea kikomo: shilingi 21.

Gini ya mwisho ina mwaka 1813. Hata hivyo, kule Newmarket, Uingereza, farasi wa mashindano wananadiwa kwa gini mpaka leo. Kila gini huhesabiwa pauni moja na peni tano, na hakuna anayelipa kwa dhahabu.