Umeme Usoni (Sehemu ya Pili): Jeli Isiyomaliza Mfuko

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi vifaa vya kukandia uso kwa umeme hafifu vinavyofanya kazi: betri, vichwa viwili vya chuma, na mkondo usiofika hata miliampia moja, yaani chini ya mikroampia 1,000. Leo tuangalie kinachoendelea kumgharimu mtumiaji baada ya kifaa chenyewe kununuliwa, nacho ni jeli. Kichupa kinachouzwa pamoja na kifaa huisha upesi kwa anayekitumia kila siku, na kingine cha aina ile ile ni ghali. Wengi huanza kuipaka kwa kubana matumizi, safu nyembamba kabisa, na hapo ndipo kifaa kinapoanza kuchoma kwenye mifupa ya taya na pembeni mwa paji la uso.

Sababu ya kuchoma iko kwenye ngozi. Tabaka lake la juu kabisa, lenye unene wa mikromita 10 hadi 20 hivi, ni seli zilizokufa zilizoshikamana kwa mafuta. Likiwa kavu linazuia umeme kwelikweli. Mahali jeli ilipokauka, kichwa cha chuma kinabaki kugusa ngozi kwa sehemu ndogo tu, na umeme wote uliokuwa umeenea unapenya pale pale. Ndiyo maana mtu anahisi kama anachomwa pini, ingawa kifaa hakijaongezwa nguvu.

Jambo hili lilijulikana zamani. Daktari Mfaransa Guillaume Duchenne, katika kitabu chake cha mwaka 1855 kuhusu kuelekeza umeme kwenye msuli mmoja mmoja, alieleza kwamba vishikizo vikavu vikigusa ngozi kavu hutoa cheche na maumivu ya juu juu, lakini vikiloweshwa, na ngozi nayo ikaloweshwa, umeme hushuka hadi kwenye msuli na msuli ukajikunja. Kwa umeme huo alipata zile picha zake maarufu za nyuso, alizozichapisha mwaka 1862. Umeme wake ulikuwa mkali kuliko huu wa vifaa vya nyumbani, lakini kanuni haijabadilika. Mwanzoni mwa karne ya 20, Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, alipima umeme wa moyo kwa watu waliotumbukiza mikono yote miwili na mguu mmoja katika vyombo vya maji ya chumvi. Jeli ilikuja baadaye, kwa sababu maji peke yake hayakai mahali pamoja.

Hapa kuna hesabu moja ninayomwomba msomaji aifuate, maana ndiyo inayoamua suala zima la bei. Jeli ya kawaida yenye unene wa milimita moja chini ya kichwa cha chuma ina ukinzani wa makumi ya omu. Ngozi iliyo chini yake ina ukinzani wa maelfu ya omu. Ukinunua jeli inayopitisha umeme mara kumi zaidi, umepunguza yale makumi, na yale maelfu yamebaki kama yalivyokuwa. Uso wako hautaona tofauti yoyote.

Tena jeli kali mno ina hasara. Vichwa viwili vya kifaa viko karibu, sentimita mbili au tatu tu. Ukipaka kati yake jeli iliyojaa chumvi, umeme unapata njia rahisi ya kupita juu ya ngozi, kutoka kichwa kimoja hadi kingine, bila kuingia ndani. Jeli yenye ioni chache hairahisishi njia hiyo, hivyo umeme mwingi zaidi unalazimika kupitia kwenye uso wenyewe. Kwa hiyo anayeongeza chumvi kwa nia ya kuipa jeli nguvu anaupunguzia uso wake umeme, na pia anaharakisha kutu kwenye vichwa vya chuma.

Chaguo langu la kwanza ni jeli ya elektrodi isiyo na chumvi, ile inayotumiwa na wataalamu wa fiziotherapia kwa mashine za kusisimua misuli. Mfano unaojulikana ni Spectra 360 ya Parker Laboratories ya New Jersey, Marekani. Kampuni hiyo hiyo hutengeneza Aquasonic 100, jeli ya ultrasaundi, na kuziuza kwa kazi mbili tofauti. Katika duka la vifaa vya tiba, uliza jeli ya elektrodi na usome lebo kuhakikisha kwamba haina chumvi. Zipo jeli za vipimo vya moyo zilizotiwa chumvi nyingi kwa makusudi. Hizo ziachie hospitali.

Jeli ya ultrasaundi ndiyo rahisi kupatikana, na huuzwa hata katika madumu ya lita 5. Imetengenezwa kupitisha sauti, lakini kwa kuwa ni maji yenye ioni kidogo, hupitisha umeme wa kutosha kwa kazi hii. Udhaifu wake unaweza kuuona jikoni. Weka kijiko kimoja cha jeli hiyo kwenye kisahani, nyunyizia chumvi laini kidogo, kisha koroga. Muda si mrefu inalegea na kutiririka. Kinachoipa uzito ni kaboma, kemikali ambayo nyuzi zake hujitanua kwa kusukumana zenyewe kwa zenyewe. Ioni za chumvi zikiingia kati, msukumano unapungua na nyuzi zinajikunja. Jasho lina chumvi, kwa hiyo uso wenye jasho huyeyusha jeli hii mapema. Nawa na ujikaushe vizuri kwanza, fanyia kazi upande mmoja wa uso kwa wakati mmoja, na kila unapoona inapotea nyunyizia maji au ongeza jeli.

Mshubiri nao unafaa. Ute wake karibu wote ni maji, pamoja na madini kama potasiamu na kalisi, na hayo yanatosha kupitisha umeme. Lakini hukauka haraka, na jani bichi linataka uangalifu: likishakatwa, lisimamishwe mpaka utomvu wa manjano ulio chini ya ganda utoke wote, maana unawasha. Jaribu kwanza nyuma ya sikio na usubiri hadi kesho yake.

Uji wa wanga pia una historia yake. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo uji wa unga wa muhogo ulijaribiwa badala ya jeli ya ultrasaundi kwa akina mama wajawazito, na picha zilisomeka vizuri. Usoni unaweza kufaa ukipikwa na kutumiwa siku hiyo hiyo, kisha unaobaki ukamwagwa. Usiuweke kabatini. Kitu chochote chenye maji na kisicho na kihifadhi huota bakteria, na hata viwanda havijasalimika: mwaka 2012 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitoa onyo juu ya jeli ya ultrasaundi iliyokutwa na bakteria. Ndiyo maana sipendi pia ile tabia ya kujaza kichupa cha zamani kutoka kwenye dumu kubwa bila kukiosha.

Mafuta ya nazi, Vaselini na siagi ya shea usivipake kabla ya kutumia kifaa, kwa kuwa vinazuia umeme. Vipake baada ya kumaliza na kuosha uso. Krimu zenye retinoli au asidi pia zisubiri. Ngozi iliyotoka kusisimuliwa huwashwa nazo kwa urahisi.

Kwa hesabu zote hizi, jeli ya elektrodi isiyo na chumvi ndiyo inayostahili pesa yako, na ya ultrasaundi inafuata. Lakini kama una kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, una kifafa, una mimba, au unatibiwa saratani, hakuna jeli iliyo sahihi kwako: weka kifaa chini mpaka daktari wako akuruhusu.