Kununua Madabodi ya Bei Nafuu: Tazama Bodi, Tunza SMS

Una saiba Keroka au duka la fotokopi mjini Kisii, na fundi amekuambia madabodi imeungua. Bila hiyo bodi inayobeba prosesa na memori, kazi imesimama. Sasa ununue ya kampuni gani?

Bei nafuu si lazima iwe mbovu. ASRock ya Taiwan ilianza 2002, ikitokana na ASUS, ili kuuza bodi za bei ya chini. Leo mafundi wengi wanaiamini. Na jina kubwa si kinga: kompyuta nyingi za Dell OptiPlex zilizouzwa kati ya 2003 na 2005 ziliharibika kwa sababu ya kapasita zilizovimba na kuvuja.

Kwa hivyo, kabla hujatoa pesa:

- Kagua kapasita. Juu ziwe bapa. Ikiwa zimevimba, achana nayo.
- Uliza waranti ni ya miezi mingapi, na iandikwe kwenye risiti pamoja na namba iliyo kwenye stika ya bodi.
- Lipa kwa Till ya duka, si kwa namba ya mtu binafsi. Soma jina kwanza.
- Usifute SMS ya malipo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la mwisho: Kisii na Nyamira radi hupiga sana, na waranti nyingi hazilipii bodi iliyounguzwa na radi. Ukiona mawingu yanatanda, zima kompyuta na uchomoe waya ukutani.