Kufunga na Kufungua katika Lugha ya Umeme: Istilahi za Rilei ya Kinga

Miongoni mwa vitenzi vinavyowataabisha wafasiri wa vitabu vya ufundi, "kufunga" na "kufungua" vimo katika safu ya mbele. Aghalabu taabu hiyo huishia karatasini, sentensi ikawa nzito au ya kuchekesha. Lakini katika maelezo ya rilei za vituo vya umeme, kosa la kitenzi kimoja laweza kumwua mtu, na ndiyo sababu tumeona yafaa kulijadili jambo hili.

Kwanza tukieleze kifaa chenyewe. Njia kubwa za kusambazia umeme, kama zile za kilovolti 11 na 33, hulindwa na swichi yenye nguvu ya kuukata mkondo hata wakati wa hitilafu. Mafundi huiita sakiti breka, au breka tu, nasi tutalitumia neno hilo fupi. Breka ni mikono isiyokuwa na macho. Macho yake ni rilei. Rilei hupokea kipimo cha mkondo kutoka katika transfoma ya mkondo, hukilinganisha na kiwango ilichowekewa, na kiwango hicho kikipitwa huunganisha viguso vyake, yaani vile vipande vya chuma vinavyogusana na kuachana. Hapo umeme wa betri ya kituo, mara nyingi volti 110 za mkondo mnyoofu, hupita katika koili ya kukatia, na breka hujikata. (Twaandika "rilei" makusudi, kwa kuwa "rele" lingedhaniwa kuwa ni reli.)

Sasa tuvitazame vitenzi vyetu. Mtu akisema "funga redio", ataka izimwe. Akisema "fungua bomba", ataka maji yatoke. Kwa Mswahili, basi, kufungua ni kuruhusu kitu kipite na kufunga ni kukizuia. Lakini mwalimu wa fizikia, kwa kuwafuata Waingereza ambao huitazama sakiti kama pete, hufundisha kinyume: sakiti iliyofungwa ndiyo inayopitisha umeme, na iliyo wazi haipitishi. Juu ya hayo, fundi naye ana maana yake ya tatu: "kufunga umeme" kwake ni kutandaza nyaya nyumbani, na "kufungua" mashine ni kuitenganisha vipande. Basi mfasiri akiandika "Hakikisha breka imefungwa kabla ya kugusa nyaya", msomaji mmoja atafahamu kuwa umeme umezuiwa, wa pili kuwa unapita, na wa tatu ataangalia kama skurubu zimekazwa. Wote watatu wanajua Kiswahili vizuri.

Rai yetu ni kwamba katika habari za umeme vitenzi hivi viachiwe milango, makufuli na skurubu. Kwa breka na viguso tuseme "kukata" na "kuunganisha", na vibao viandikwe IMEKATWA na IMEUNGANISHWA. Maneno haya si mapya wala hayana utaalamu wa kujivunia, lakini hayana maana mbili mbele ya mtu aliyeshika bisibisi. Hivyo maagizo ya usalama yatasomeka hivi: kata breka, itenge njia na kila upande uwezao kuleta umeme, piga kufuli ili mtu mwingine asiunganishe, pima uhakikishe kuwa hakuna umeme, kisha unganisha nyaya za njia na ardhi. Hata hapo umeme wa betri huweza kuwa ungali katika kabati la rilei, nao hukatwa peke yake.

Neno lingine la hatari ni "kawaida". Michoro hutaja viguso vilivyo "wazi kwa kawaida", na mfasiri hudhani kawaida ni hali ya kila siku. La hasha. Mchoro huonyesha vifaa vikiwa vimepumzika: rilei haina umeme, na breka imekatwa. Kwa namba za vifaa zinazotumiwa na wahandisi wa Marekani, na ambazo zimeenea katika nchi nyingine pia, breka ni 52. Kiguso chake kiitwacho 52a huungana wakati breka imeunganishwa, na 52b huungana wakati breka imekatwa. Kwa kuwa breka huwa kazini takriban mwaka mzima, kiguso cha 52a nacho huwa kimeungana mwaka mzima, na bado kitabu hukiita wazi kwa kawaida! Kiguso hicho ndicho huwekwa katika mfuatano mmoja na koili ya kukatia, ili breka ikishakatika kiukate mkondo wa koili na kuviokoa viguso vya rilei visiungue. Fundi akipotoshwa na tafsiri akaweka 52b mahali pake, njia ya koili itakuwa imekatika wakati ule ule breka inapotakiwa kujikata. Twapendekeza isemwe "kilichoachana katika hali ya kupumzika". Ni maneno marefu, lakini yanasema kweli.

Transfoma ya mkondo inahitaji uangalifu kuliko vifaa vyote. Upande wake wa pili usiachwe kamwe bila njia ya kupitia mkondo wakati njia kubwa ina mkondo. Ukiachwa, volteji katika ncha zake yaweza kupanda hadi maelfu ya volti, ikamwua fundi na kuunguza transfoma. Kwa hiyo kabla ya kuziondoa nyaya za rilei, ncha hizo huunganishwa kwa kiungo kifupi. Mafundi husema "zipige shoti". Lakini mtaani "kupigwa shoti" ni kurushwa na umeme, na mwanafunzi aliyeonywa tangu utotoni aiogope shoti hataelewa kwa nini hapa aambiwa aifanye. Afadhali kuandika "unganisha ncha mbili kwa kiungo kifupi", na papo hapo kuongeza kwamba transfoma ya volteji hutaka kinyume chake: ncha zake zisiunganishwe hivyo abadani.

Kuhusu kuiwekea rilei viwango, upungufu wa tafsiri nyingi ni kutaja ampea bila kusema za upande gani. Tuchukue transfoma ya 400 kwa 5. Rilei ikiwekewa ampea 5, itaanza kuhesabu njia inapopitisha ampea 400. Hitilafu ya ampea 4000 huipa rilei ampea 50, yaani mara 10 ya kiwango chake. Kwa mchirizi wa kawaida wa muda unaopungua kadiri mkondo unavyozidi, kizidishi cha muda kikiwa 1, rilei hungoja karibu sekunde 3, kikiwa 0.1, sekunde 0.3. Breka iliyo karibu zaidi na chanzo cha umeme huongezewa kama sekunde 0.3 au 0.4, ili ile ya mbele yake, iliyo karibu na hitilafu, ipate nafasi ya kukata kwanza na mji mzima usiingie gizani kwa kosa la mtaa mmoja. Mfasiri na aandike kila mara "upande wa kwanza" au "upande wa pili".

Limebaki neno moja. Rilei namba 86, baada ya kuikata breka, huzuia isiunganishwe tena mpaka mtu airudishe rilei hiyo mahali pake, aghalabu kwa mkono. Wako wanaofasiri tendo hilo kuwa "kuwasha tena". Halifai, kwa sababu anayeirudisha rilei hawashi kitu: breka ingali imekatwa, nayo huunganishwa kwa amri nyingine, baada ya chanzo cha hitilafu kutafutwa na kuonekana. Tuseme "kurudisha rilei" na "kuunganisha breka", tukiyataja kuwa ni matendo mawili.